Jiko la Kusimama

Jaël alifika Likasi siku moja kabla ya majaji. Alipita sebuleni bila hata kuketi, akatokea mlango wa nyuma, na hapo akasimama ghafla kama mtu aliyemkuta mwizi uani. Nyuma ya nyumba aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe kulikuwa na kibanda: nguzo za miti, mabati makuukuu yaliyokandamizwa kwa mawe, na chini yake mbabula, lile jiko dogo la mkaa, yenye makaa yanayowaka, sufuria nyeusi tii, mwiko mrefu na kibao cha kukalia.

"Mama, hii ni nini?"

Bibiane, mama yake, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga. "Ni kivuli tu, ma Jaël. Juu ya mvula. Siku ya kufula, unayua."

"Siku ya kufula na sufuria?"

"Batoto beko mingi. Kintu moja inafanyikiwa huku, ingine kule."

Jaël alitaka kuuliza zaidi, lakini simu ililia. Alikuwa katibu wa tuzo, akimkumbusha kwamba majaji watafika kesho asubuhi na kwamba yeye mwenyewe haruhusiwi kuwa ndani ya uwanja wa nyumba wakiwapo. Alipokata simu, swali lilikuwa limekwisha mtoka kichwani.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaani Kikula. Ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ule ambao Katanga huitwa kiculu, ulioshindiliwa matofali kwa mashine ya mkono na kuachwa wazi bila plasta. Majirani walisema nyumba ya Mama Jaël haijavaa nguo. Wengine waliiita nyumba ya mchwa, na Bibiane alicheka nao, kwa sababu ukichekwa na mtaa mzima ni afadhali ucheke pia. Lakini huko Kinshasa watu waliosoma walikuwa wameiona pichani, wakaipenda, na sasa ilikuwa imefika hatua ya mwisho ya tuzo ya taifa ya usanifu majengo.

Mshindi wa tuzo hiyo hapewi kikombe cha kuweka kabatini. Anapewa kazi: mwaka huu, kuchora na kusimamia ujenzi wa nyumba ya uzazi ya Kapolowe. Jaël aliitaka kazi hiyo mpaka usingizi ukamkimbia. Huko Lubumbashi alikuwa anachora nyumba za wageni zenye nguzo za plasta na simba wa saruji getini, na kila mchoro alioumaliza bosi wake aliutia sahihi yake mwenyewe. Kapolowe ingekuwa na jina la Jaël chini yake. Hakuwa na njia nyingine ya kutoka kwenye ile ofisi, na wazazi wake walilijua hilo.

Baada ya chakula aliwasomea kanuni kutoka kwenye simu, akizigeuza kutoka Kifaransa. Baba yake, Germain, aliweka miwani ingawa hakuwa na kitu cha kusoma.

"Kanuni ya ine: nyumba iikaliwe kweli na bantu benyewe. Nyumba ya kuonyesha tu, hapana. Ya sita: kama benyewe balibadilisha kintu, baonyeshe na baeleze juu ya nini. Ya tisa: architecte asitayarishe nyumba mbele ya visite." Alimeza mate, akaendelea haraka. "Kiisha, critères, vile batapima. Matériaux, bintu ya kujengea. Bei. Na l'usage: ile nyumba inasaidia bantu banaikala ndani? Ile ya usage njo nusu ya points yote."

"Nusu?" Germain alishtuka.

"Nusu, papa. Sasa mutu anatoka Kinshasa, anaona mama anapikia inje chini ya bati, na mu nyumba muko cuisine ya muzuri vile. Atauliza nini?"

Germain alikuwa amekwisha tangaza parokiani kwamba binti yake ameshinda. Si kwamba atashinda, ameshinda. Kwaya nzima ilimpongeza, naye akapokea pongezi kwa mikono miwili.

"Tutoshe ile kibanda, tubomoe," alisema. "Leo."

"Na ile ya tisa?" Bibiane aliuliza polepole. "Si umesema asitayarishe?"

"Ya tisa ni juu ya batu ba kudanganya, mama," Jaël alijibu. "Siye hatudanganye. Tunapanga tu."

Bibiane alimtazama bintiye, akaona macho yaliyoingia ndani kwa kukosa usingizi. Angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini alilimeza, akainuka kwenda kuzima makaa.

*

Mabati yaliteremshwa mchana kweupe, mtaa ukitazama. Germain alikuwa juu, Jaël alipokea chini, na wajukuu waliokaa nyumbani humo walibeba vyombo hadi lupango, ua wa jirani yao Martine. Bibiane alibeba sufuria kubwa mwenyewe, kichwani, kwa sababu hakutaka mtu mwingine aonekane nayo.

Martine alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Alikuwa mtu mwema, lakini mdomo wake haukuwa na kufuli. "Mama Jaël! Banakufukuza mu jikoni yako?"

"Banakuya bageni ba Kinshasa."

"Kumbe bageni ba Kinshasa habakulake bukari?"

Wanawake waliokuwa bombani wakichota maji walicheka, maana bukari ni ugali, na ugali hula kila mtu. Bibiane alicheka nao kama kawaida yake, akaweka sufuria chini, akaomba aachiwe nafasi pembeni kwa ajili ya mwiko na kibao. Kuomba nafasi ya mwiko wako mwenyewe kwa jirani si kitu kikubwa. Lakini alirudi nyumbani bila kumuaga Martine, na hakuna aliyemuuliza.

Jioni Jaël alifagia mahali pa kibanda mpaka pakabaki udongo mtupu. Aliosha jiko la ndani, ingawa halikuwa na uchafu wa kuoshwa, akaondoa viti vya plastiki sebuleni, na pazia la waridi ambalo mama yake alilishona kwa ajili ya Pasaka.

"Hata pazia?" Bibiane aliuliza.

"Mwangaza, mama. Ile mwangaza njo banapenda."

Sasa tuseme ukweli ambao Bibiane hakuusema. Jiko lile la ndani Jaël alilichora kwa mapenzi. Alikuwa ameona mama yake akiinama maisha yake yote, akaapa kwamba mama hatainama tena. Kwa hiyo alimjengea jiko la udongo wa kiculu, refu hadi kiunoni, lenye bomba la moshi, la kupikia mtu akiwa amesimama. Ni jiko zuri la kuchemshia chai. Lakini bukari ya watu tisa haisongwi kwa kusimama. Bukari unakaa kwenye kibao, unateremsha sufuria chini, unaibana katikati ya nyayo kwa matambara, unashika mwiko kwa mikono miwili na kuulalia kwa mgongo wote. Kule juu sufuria inakimbia na bega linakufa. Na kuteremsha sufuria ya uji unaotokota kutoka kiunoni hadi sakafuni ni kuita balaa: wiki ya kwanza tu ilimponyoka, uji ukamwagikia mguu wa mjukuu wake, na kovu liko hadi leo. Mbabula nayo haikuweza kukaa ndani, maana jiko lilikuwa limekula nafasi yote. Tangu siku hiyo Bibiane alipikia nje, akiingiza vyombo ndani kila Jaël alipokuja, hadi mvua za mwaka huu zikamlazimisha kusimamisha kibanda, na jiko la kusimama likawa mahali pa kuwekea mikate na dawa za mbu.

Hata hivyo, ukurasa wa kwanza wa kabrasha lililopelekwa Kinshasa ulikuwa na picha yake amesimama mbele ya jiko hilo, akitabasamu, akikoroga. Sufuria ilikuwa tupu. Mpiga picha alimwambia akoroge, naye akakoroga.

*

Majaji walikuwa wawili. Wa kwanza, Madame Marcelline, mwenyekiti wao, alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini hivi, mzaliwa wa Kalemie, na Kiswahili chake kiliwapa wenyeji pumzi. Wa pili, Zéphirin, alitoka Kinshasa. Alibeba kamera na kabrasha, na hakusema neno kama hakulazimishwa. Jaël aliwasalimia getini, kisha akaenda kusimama upande wa pili wa barabara kama kanuni ilivyotaka. Malori ya mgodi wa Kakanda yalipita yakammwagia vumbi. Hakusogea.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Marcelline aliweka kiganja kwenye ukuta wa sebule, akakiacha hapo.

"Inje jua inachoma, humu iko baridi vile! Ni kiculu?"

"Kiculu safi, madame," Germain alisema. Alikuwa amevaa koti la harusi yake, na jasho lilimshuka mashavuni. "Hakuna climatiseur. Mutoto yangu njo aliwaza yote."

"Na mvula?"

"Hata tone moja."

Hilo lilikuwa kweli, na Zéphirin aliliandika. Waliangalia vyumba, wakapima madirisha, wakauliza bei ya matofali. Bibiane alifuata nyuma katika kitenge chake cha Pasaka, akijibu inapobidi. Moyo wake ulianza kutulia. Kisha wakaingia jikoni.

Marcelline alilitazama jiko kwa muda. Alipitisha kidole ndani ya tundu la makaa, akakitoa. Kilikuwa safi.

"Mama, munapikia hapa?"

"Hapa."

"Jana mulikula nini?"

"Bukari, na sombe, na samaki ya Kapolowe."

"Batu ngapi?"

"Tuko tisa."

"Bukari ya batu tisa, hapa?" Marcelline alirudia, na ndani ya sauti yake kulikuwa na mwanamke aliyekwisha songa bukari nyingi.

"Ndiyo, madame," alisema Bibiane. Njia ya mwongo ni fupi, naye alikuwa amekwisha fika mwisho wake.

Zéphirin alifungua kabrasha, akaonyesha picha ya ukurasa wa kwanza, kisha akaelekeza kidole kwenye jiko. Udongo wa pichani na udongo ulio mbele yao ulikuwa wa rangi ileile, kama jiko lililotoka kwa fundi jana. Hakuna masizi. Hakuna tone la mafuta. Waliongea Kifaransa kwa sauti ya chini. Germain, aliyekisikia kidogo, alianza kujifuta shingo kwa mkono wa koti.

"Papa, mama, musinikasirikie," Marcelline alisema hatimaye. "Sebuleni hamuna kiti. Hamuna pazia. Jikoni hamuna hata jivu. Ninaona nyumba ya muzuri sana, lakini sioni batu ndani. Kanuni ya ine iko wazi. Kama nyumba haiikaliwe, tunaandika 'nyumba ya maonyesho' na tunaenda zetu."

"Lakini tunaikala!" Germain alipaza sauti. "Hapa hapa! Muulize mutaa muzima!"

"Tunauliza nyumba kwanza, papa."

Zéphirin alifungua kalamu.

Bibiane aliiona kalamu ile. Aliona na kitu kingine kupitia mlango wa sebule: binti yake ng'ambo ya barabara, mweupe kwa vumbi, ambaye baada ya neno moja la kalamu hiyo angerudi kuchora simba wa saruji. Hakufikiri zaidi. Alitoka nje kwa mlango wa nyuma, akakwea tofali lililokuwa kando ya ua na kupaza sauti iliyosikika hadi bombani.

"Martine! Martine we! Niletee bintu yangu!"

"Bintu gani? Yote?"

"Yote! Na mwiko! Na bati!"

Walikuja kama msafara. Martine mbele na mbabula, watoto nyuma na sufuria, wanawake wa bombani wakiburuta mabati ingawa aliyeitwa ni Martine. Vitu vyote vikamwagwa pale kwenye udongo uliofagiliwa. Sufuria kubwa ilikuwa na masizi ya miaka miwili, na ndani ya ukingo wake ukoko wa jana ulikuwa bado umeshika.

"Hii njo jikoni yangu," alisema Bibiane. Akakaa kwenye kibao, akakunja kitenge cha Pasaka juu ya magoti, akabana sufuria kwa nyayo, akaushika mwiko. "Vile. Muntu anasonga vile. Kule juu mukono haina nguvu, sufuria inakimbia. Ilimwangikia mutoto. Njoo hapa, onyesha madame mukulu yako." Mjukuu aliletwa, mguu ukaonyeshwa. "Nyumba ni ya muzuri, madame. Ninalala muzuri, mvula haiingie, joto haiingie. Ninasema kweli mbele ya Mungu. Lakini ile jiko, hapana."

Marcelline alichuchumaa, mtu mzima vile, akashika ukingo wa sufuria.

"Mama yangu alikuwa anasonga vilevile," alisema. "Na minye pia, mpaka magoti yangu ilikatala." Alimgeukia Zéphirin, akamwambia kwa Kifaransa kwamba nyumba inakaliwa, na kwamba asiandike alichotaka kuandika. Zéphirin alipiga picha. Kisha Marcelline aliuliza, bila ukali wowote, swali ambalo lazima aliulize. "Bon. Sasa, mama, nani alitosha hii bintu?"

Germain aliangalia viatu vyake.

"Ni minye," alisema Bibiane.

"Weye mwenye?"

"Bageni banakuya, muntu anapanga nyumba. Ni haya yangu ya mwanamuke. Nilitupa kila kitu kwa Martine. Mutoto hakuyua hata kidogo. Nilimufichia."

Uongo huo ulikuwa bora kuliko ule wa jikoni. Ulikuwa na umbo la kweli, kwa maana hakuna mwanamke Likasi asiyefagia wageni wanapokuja, na Martine, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliufunga mdomo. Marcelline aliitikia kwa kichwa taratibu. Ilionekana wazi kwamba anataka kuuamini.

"Lazima nimuulize architecte pia," alisema. "Ni kanuni. Mumuite."

*

Jaël alikuja kwa mlango wa nyuma. Alikuta mama yake ameketi chini mbele ya mtaa mzima, kitenge cha Pasaka kimepakwa masizi, mjukuu kasimama na mguu wake wenye kovu. Kovu hilo hakuwahi kuliona. Alilitazama, akaitazama sufuria iliyobanwa kwa nyayo, na kila kitu kikamwingia kwa mara moja, kwa maumivu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuzwa kwa bukari ya mwiko ule.

"Mama yako anasema ni yeye alitosha jikoni, na weye haukuyua," alisema Marcelline. "Ni vile?"

Bibiane alimkazia macho. Sema ndiyo, macho yalisema. Sema tu ndiyo, ma Jaël, sema ndiyo tumalize.

Ingetosha. Neno moja, na Kapolowe ingebaki mezani. Labda jiko lingempunguzia pointi, labda ukuta ungemrudishia. Watu wameshinda kwa chini ya hapo. Jaël alifungua mdomo ili aseme hivyo. Lakini aliona wanawake wa bombani wakimtazama mama yake kwa jicho lile la kumsikitikia mwanamke mshamba aliyeona haya ya sufuria zake, na mama yake akilipokea jicho hilo bila kupepesa, kwa ajili yake. Hasira ikampanda, hasira juu ya nafsi yake.

"Hapana, madame. Ni minye. Jana mchana. Mama aliniambia ile ya tisa, na minye nilimunyamazisha."

Germain alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Marcelline alifumba macho kidogo.

"Unayua kanuni ya tisa inasema nini?"

"Ninayua. Inanitosha mu tuzo."

"Inakutosha mwaka hii, mutoto yangu." Alimshika bega, na mkono ulikaa pale zaidi ya ilivyohitajika. "Mwaka ingine hakuna mutu atakukataza. Lakini Kapolowe itapewa mwingine."

Zéphirin alifunga kabrasha. Alipofika getini aligeuka, akasema kwa Kifaransa kwamba ukuta ule ndio mzuri kuliko kuta zote alizoziona safari hii.

*

Mtaa ulitawanyika kwa heshima, yaani polepole na kwa kutazama nyuma. Bibiane alingoja mpaka wa mwisho apotee. Kisha akainuka, akamjia bintiye mwiko mkononi.

"Minye nilijichafua mudomo juu yako! Mbele ya bageni, mbele ya Martine, mbele ya Mungu! Na weye unakuya kunivua nguo!"

"Mama—"

"Kazi yako iko wapi sasa? Iko wapi? Ungesema ndiyo! Ndiyo ni nzito?"

"Balikuwa banakuona weye njo mujinga, mama. Na mujinga ni minye."

"Baniwone! Nitakufa juu ya kuonekana mujinga?" Aliketi tena kwenye kibao, akaanza kulia kwa hasira, akijifuta kwa upande safi wa kitenge. Jaël alilia pia, amesimama, mikono ikining'inia. Kapolowe ilikuwa imekwenda, na wote wawili walijua kwamba haitarudi.

Germain alikuwa amevua koti. Bila kumwambia mtu alikwisha simamisha nguzo zote, na sasa alikuwa juu ya kiti anagongomea bati, kwa sababu mvua ilikuwa inakusanyika upande wa Kambove na watu tisa watataka kula.

"Juu ya nini haukuniambiaka?" Jaël aliuliza, machozi yalipopungua. "Miaka mbili, mama. Mutoto aliungua, na minye siyuwe."

"Nikuambie saa gani?" Bibiane hakuwa anapiga kelele tena. "Kila mara unakuyaka na bageni. Ba photographe, ba étudiants, bazungu ba ONG. Unafika nao, unabaonyesha, unabaambia: mama anaipenda sana. Minye niseme nini pale? Ninashika mwiko, ninacheka."

Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba hii wageni walikuja na kuja, na mwenyeji hakupona. Jaël aliangalia nyuma yake, mlango wa nyuma, sebule tupu, geti. Hapakuwa na mtu.

Akavuta tofali, akaketi mkabala na mama yake, magoti juu kama alivyokaa alipokuwa mtoto.

"Leo nimekuya peke yangu, mama. Sema."

Bibiane alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta kama maneno hayo yana mgeni nyuma yake. Kisha akakung'uta kitenge.

"Bon," alisema. "Tuanze na dirisha ya chumba yetu. Iko juu sana. Mutu akigonjwa, akilala, haone hata muntu anapita."

"Na mulango ya choo!" Germain alipaza sauti kutoka juu ya kiti, misumari mdomoni. Alitoa misumari. "Mulango ya choo inafunguka mbele ya bantu beko mu sebule. Tangu siku ya kwanza, mutoto yangu. Tangu siku ya kwanza!"